Seva ya saraka ikirudi baada ya stima kupotea, tazama saa kwanza

Stima ilipotea Kisumu siku mbili. Seva yetu ya OpenLDAP ya huko (saraka ya akaunti na nywila za watu) ikazimika, ile ya Nakuru, ambayo hunakiliana nayo, ikaendelea kupokea mabadiliko peke yake. Iliporudi niliiwasha mbio. Kumbe betri ndogo ya bodi imekufa na saa imerudi nyuma miaka mingi. Nywila zilizobadilishwa Kisumu asubuhi ile hazikufika Nakuru, na mifumo inayosoma Nakuru ikawakataa watu.

Sababu ni hii. Kila badiliko hupigwa muhuri wa wakati, CSN, wenye namba ya seva ndani yake. Seva ya pili ikiona muhuri uliopitwa na ule wa mwisho ilioupata kutoka namba hiyo, hulipuuza badiliko.

Kwa hiyo:

1. Zuia slapd, programu inayoendesha OpenLDAP, isijiwashe yenyewe: `systemctl disable slapd`. Fanya leo, kabla stima haijapotea tena.

2. Seva ikirudi, angalia saa yake kwa `chronyc tracking`. Saa ikiwa imepotoka, isahihishe kwa `chronyc makestep`. Usisonge mbele kabla haijakaa sawa.

3. Kwenye seva iliyobaki hai, chukua bakapu: `slapcat -n 1 -l akiba.ldif`.

4. Washa slapd, kisha uliza seva zote mbili: `ldapsearch -x -s base -b dc=mfano,dc=ke contextCSN`. Kila namba ya seva ina mstari wake wenye muhuri wake wa mwisho. Mistari ikilingana, zimeoana.

5. Zisipolingana, kagua `retry` kwenye syncrepl, mpangilio unaonakili mabadiliko kati ya seva. `retry="60 10 300 +"` hujaribu kila sekunde 60 mara 10, halafu kila sekunde 300 bila kuacha.

6. Ikishindikana kabisa, kwenye seva iliyorudi simamisha slapd, hamisha faili za hifadhidata kando, pakia bakapu kwa `slapadd -q -n 1 -l akiba.ldif`, kisha `chown` faili zirudi kwa mtumiaji wa slapd. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana, na bila hiyo slapd haiwaki.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kakamega: Mwalimu, yangu imelala mwezi mzima. Nianze upya?*
Si lazima, ndugu. Kumbukumbu ya mabadiliko isipofika nyuma vya kutosha, seva hai hutuma orodha ya vitambulisho vya rekodi zote zilizopo, na zisizotajwa hufutwa. Kwa laini dhaifu huchukua muda, vumilia. Active Directory, saraka ya Microsoft, ni tofauti: ikipita muda wa makaburi (muda wa kutunza alama za rekodi zilizofutwa), kwa kawaida siku 180, usiirudishe mtandaoni, ijenge upya.

*Kutoka Bungoma: Laini ilikatika, pande zote zikaendelea kuandika. Nani anashinda?*
Muhuri wa karibuni zaidi, na kwa syncrepl ya kawaida unashinda kwa rekodi nzima. Ukibadilisha simu ya mtu Nakuru, mwenzako akabadilisha nywila yake Kisumu, moja hupotea. Delta-syncrepl hupeleka badiliko lenyewe tu, ndiyo maana sisi tumehamia huko.