Jinsi ya Kuomba Kibali cha Filamu Yenye Matukio ya Hatari Tanzania

Anayetaka kutengeneza filamu au tamthilia Tanzania huomba kibali Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na kiini cha maombi hayo ni mswada, yaani maandishi ya filamu yenyewe. Watayarishaji wengi huuandaa wakifikiria maadili peke yake, ilhali mswada huohuo ndio karatasi ya kwanza inayoonyesha ni nani anaweza kuumia.

Kwanza, upitie wote kwa kalamu nyekundu, ukiweka alama kila mahali mtu anapoanguka, anapopigana, anapoendesha kwa kasi, anapoingia majini au anapokaribia moto. Kisha andika maelezo ya kila tukio na uyaambatanishe na maombi. "Bahati anaanguka kutoka kwenye bodaboda" hayatoshi. Andika kwamba pikipiki itakwenda kilomita 15 kwa saa, kwamba atakayeanguka ni mtaalamu aliyefanya mazoezi wala si mwigizaji mkuu, kwamba amevaa kinga za magoti na viwiko ndani ya nguo, na kwamba magodoro yamepangwa upande ambao kamera haiuoni.

Silaha zinahitaji maelezo marefu zaidi. Mwaka 1993, nchini Marekani, mwigizaji Brandon Lee aliuawa baada ya kichwa cha risasi ya mfano kubaki ndani ya mtutu bila kugunduliwa, kikaja kusukumwa na risasi baridi, yaani yenye baruti tu bila kichwa, iliyofyatuliwa baadaye. Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico, mpigapicha mkuu Halyna Hutchins aliuawa wakati wa maandalizi ya tukio, kwa bunduki iliyokuwa na risasi ya moto. Kwa hiyo mtaje mtu mmoja anayetunza silaha, eleza jinsi mtutu unavyokaguliwa mbele ya mwigizaji kila mara silaha inapokabidhiwa, na andika bayana kwamba risasi ya moto haitaingia eneo la kazi kwa sababu yoyote. Binafsi ningeomba bunduki ya mbao, mlio ukaongezwa wakati wa kuhariri. Hata hiyo Polisi waarifiwe kwa barua, kwa kuwa jirani aliye dirishani hajui kwamba ni ya mbao.

Baada ya hapo zifuate ofisi nyingine kulingana na tukio: Polisi wa Usalama Barabarani pamoja na wakala wa barabara husika, TANROADS au TARURA, ukitaka kufunga barabara, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji penye moto, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa ndege zisizo na rubani. Waajiriwa wasajiliwe katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na vibarua wa siku moja wakatiwe bima ya ajali.

Ambatanisha pia jina la hospitali iliyo karibu na muda wa kufika huko, pamoja na gari la dharura lenye dereva wake. Gari linaloonekana kwenye picha lisihesabiwe, maana siku ya ajali huenda ndilo litakalokuwa limepinduka.

Kibali kikishatoka, tukio lipigwe kama lilivyoandikwa. Mwongozaji akitaka mtu aruke kutoka ghorofa ya pili badala ya ya kwanza, kazi isimame hadi maelezo mapya yaandikwe na kuwasilishwa Bodi, hata kama jua linazama.