Fuwele yenye mpindo maradufu: anza na umbo, kompyuta baadaye

Wanafunzi wa hapa Mlimani huniuliza watumie programu gani kutafuta fuwele mpya. Mimi huwauliza kwanza: ayoni gani, na zimelala vipi?

Tunatafuta mambo mawili yanayovutana: fuwele iugawe mwali mara mbili kwa nguvu (Δn, yaani tofauti ya vipimo vya mpindo kati ya mihimili, iwe kubwa), na pengo la nishati, yaani nishati ambayo fuwele huanza kumeza mwanga, liwe pana ili urujuanimno upite. Gawanya 1240 kwa pengo la eV, upate urefu wa wimbi mfupi kabisa unaopita, kwa nanomita: eV 6.2 ni nm 200. Rutili ina Δn ya karibu 0.29, ila pengo lake ni eV 3 tu. Floridi ya magnesi hupitisha hadi karibu nm 120, lakini Δn yake ni 0.012.

Hatua ya kwanza ndiyo nzito. Chagua ayoni bapa: CO3, BO3, NO3 au B3O6. Elektroni zake huyumbishwa kirahisi ndani ya bapa kuliko kwenda wima, na hapo ndipo tofauti inapozaliwa. Zilale sambamba na zikae karibu karibu. Zikielekea huku na kule zinafutana. Kwenye kalsaiti (CaCO3) pembetatu zote za CO3 ziko sambamba, ndiyo maana inatoa vipimo vya mpindo 1.658 na 1.486, tofauti 0.172. PO4 imelingana pande zote: pengo utalipata, mpindo maradufu mkubwa hutaupata.

Hatua ya pili, kationi (ayoni chanya za kuambatana na hizo bapa): Na, Mg, Ca, Ba. Risasi huongeza mpindo maradufu lakini hushusha pengo, kwa hiyo usianze nayo.

Hatua ya tatu, hesabu. Jaribu kalsaiti kabla ya fuwele yako. Pakua faili la CIF (maelezo ya mahali pa kila atomi) kutoka Crystallography Open Database, kisha tumia Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa elektroni za fuwele. Vyote ni bure. Seli ndogo ya kalsaiti, kipande kinachojirudia, ina atomi 10, kompyuta mpakato inaimudu. Angalia sana hapa: epsilon.x, sehemu yake inayokokotoa ε (jinsi fuwele inavyoitikia mwanga), haikubali pseudopotenshali (faili za kurahisisha atomi) za aina ya ultrasofti, na inataka nosym na noinv, swichi za kuzima ulinganifu, ziwe .true. Ongeza bendi tupu, yaani ngazi za nishati zisizo na elektroni. Kipeuo cha pili cha ε, chini ya pengo, ndicho kipimo cha mpindo kwa kila mhimili; tofauti kati ya mihimili ndiyo Δn.

PBE, njia ya kawaida ya kukadiria elektroni, itakupa pengo la kalsaiti kama eV 5, ilhali maabara inaonyesha karibu 6. Pengo lipime upya kwa HSE06, njia nzito zaidi lakini sahihi zaidi kwa pengo.

Mwisho, fononi, yaani mitikisiko ya atomi ndani ya fuwele. Weka recover=.true. kwenye ph.x, sehemu ya Quantum ESPRESSO inayoikokotoa, umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Ukiona masafa hasi makubwa, muundo huo hausimami. Rudi hatua ya kwanza.