Umepewa kuratibu digrii ya fani mchanganyiko? Anza na haya

Walimu wenzangu mlioteuliwa kuratibu zile digrii ambazo mwanafunzi anasoma jiografia huku, sheria ya ardhi kule, uhandisi wa maji kidogo na afya ya jamii juu yake, hii nawaandikia nyie hasa mlioko vyuo vya hapa Dar, maana barua ya uteuzi inaandika tu "mratibu wa programu" basi, haikwambii utakachokutana nacho wiki ya kwanza ya semista.

Kitu cha kwanza kabisa ni programu iwe na kwao. Digrii inayotegemea idara nne mara nyingi haina mwenyewe, mwanafunzi akiwa na shida ya usajili anaambiwa nenda kule, kule wanamrudisha, na wewe huna ofisi, huna katibu, huna fungu lako la hela. Kwa hiyo kabla hujaanza kugusa mtaala dai idara au taasisi moja itajwe kwa maandishi kwamba ndo mlezi, na ndani yake wawepo walimu angalau wawili watatu ambao ajira yao iko kwenye programu hiyo. Tunao mfano hapa hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wetu tumesoma DS, kozi ya taaluma za maendeleo, na imedumu miaka yote hii kwa sababu haikuachwa ielee kati ya vitivo, mwaka 1973 ilipata taasisi yake yenye walimu wake, na mpaka leo mwanafunzi akiwa na shida ya maksi za DS anajua mlango wa kugonga ni upi. Programu yako nayo inahitaji mlango.

Sasa hao walimu wa kuazima. Mkuu wa idara atakubali kwa mdomo vizuri tu mkikutana korido, ila semista ikianza unaambiwa mwalimu kaenda masomoni au ana mzigo mkubwa, na kweli anao, kwa sababu saa anazofundisha kwako hazihesabiwi kwenye idara yake. Hapa ndo pa kupambana kwelikweli: saa hizo ziandikwe kwenye mzigo wake rasmi wa kazi, barua isainiwe na mkuu wake wa idara na mkuu wa ndaki, na jina la mwalimu wa akiba liwemo. Mwalimu anayefundisha kama msaada atakuachia darasa siku yoyote na huwezi kumlaumu, naye ana kupanda cheo kwake kunakomsubiri.

Kwenye mtaala mambo ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mnayajua, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Tatizo ni kwamba ukikusanya kozi zilizopo tayari za idara nne unazifikia 360 fasta, karatasi inapendeza, na inapita Seneti, lakini mwanafunzi anamaliza ana vipande vya fani nne na hakuna siku hata moja aliyofundishwa kuviunganisha, anaachiwa aunganishe mwenyewe, kitu ambacho hata sisi walimu tunakiona kigumu. Kwa hiyo kila mwaka weka kozi moja ya kuunganisha, iwe ya kwenu wenyewe, na ifundishwe na walimu wawili wa fani tofauti wakiwa darasani kwa pamoja. Kupokezana, kwamba huyu wiki sita na yule wiki sita, hakusaidii, mwanafunzi anatakiwa awaone mnabishana mbele yake na aone mnafikaje kwenye jibu.

Na kozi hiyo msiijenge juu ya nadharia, chukueni tatizo la mji huu. Mimi ningeanza na Jangwani. Mafuriko ya bonde la Msimbazi kila mtu anayajua, hadi karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa pale na imezamishwa maji mara kadhaa. Mhandisi atakwambia habari za mchanga uliojaa mtoni na ukubwa wa daraja, wa jiografia atakuonyesha mji ulivyopanda juu kule na maji yanavyoshuka kwa kasi, wa afya ataongelea vyoo na kipindupindu, wa sheria atauliza nani ana hati na nani anastahili fidia. Halafu waulize wanafunzi swali hili, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, kwa nini wako waliorudi bondeni? Hapo mhandisi peke yake hajibu, wala wa sosholojia peke yake, inabidi uongelee nauli, kibarua cha Kariakoo, shule ya watoto, na bei ya kodi. Wapelekeni wakaone na waongee na watu wa pale kwa heshima, halafu ripoti iandikwe kwa makundi yaliyochanganywa makusudi, maana ukiwaacha wajichague wenyewe waliosoma kombi ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) watakaa peke yao na wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) peke yao, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Nikigusia kombi, takwimu ndo inawaangusha wengi. Msiwatupe kwenye darasa la takwimu la idara ya hisabati lenye mamia ya watu, aliyesoma HGL (historia, jiografia, Kiingereza) mara ya mwisho kufanya hesabu ni form four, atasapu, yaani atarudia mtihani, na anaweza kukeri, kuibeba kozi hiyo hadi mwaka wa tatu. Tengenezeni takwimu yenu, ianze taratibu kwa data wanazozielewa, mfano mvua za Dar au idadi ya abiria kituoni. Na msiifanye nyepesi, ifike mbali tu.

Ratiba ikaguliwe kwa miguu. Mfumo unaweza kumpa mwanafunzi kipindi Mlimani kinachoisha saa 4 na kingine Kijitonyama kinachoanza saa 4 hiyo hiyo, na foleni ya Sam Nujoma mnaijua. Kaa na CR, mwakilishi wa darasa, wa kila mwaka kabla ratiba haijafungwa, wao wanaona migongano ambayo wewe huioni.

Matokeo yanataka usumbufu wako mwenyewe. Kozi zikiwa kwenye idara nne, idara moja ikichelewesha maksi darasa zima linakwama, na Bodi ya Mikopo inahitaji matokeo ya wanaoendelea, kwa hiyo mzigo wote unamwangukia mtoto ambaye kafaulu na anasubiri bumu, hela yake ya kujikimu. Weka tarehe yako, wiki mbili kabla ya ile ya chuo, na uzungukie ofisi mwenyewe, barua pepe hazitoshi.

Tafiti za mwaka wa mwisho: wasimamizi wawili, ila mmoja ndo mwenye kusaini, na vigezo vya kusahihisha mkubaliane kabla mwanafunzi hajaanza kuandika. Mtahini wa nje naye chagueni aliyewahi kufanya kazi na watu wa fani nyingine, vinginevyo kazi nzuri itakatwa kwa sababu tu haifanani na za kwao.

Halafu jina la digrii, jamani, hili naliomba sana. Nafasi za serikali zikitoka kwenye Ajira Portal zinataja shahada kwa majina, na muombaji mwenye jina lisiloeleweka anachujwa kabla hajaonwa sura. Jina lisiwe la kupendeza tu, liwe na fani ambayo muajiri anaijua ndani yake, na mkondo aliosoma mwanafunzi uonekane kwenye transkripti. Kabla ya kulipeleka jina Seneti, chukua matangazo ya kazi ya miaka miwili mitatu iliyopita uone wanaandikaje, na waulize wanakoenda field, DAWASA ya maji, NEMC ya mazingira, TARURA ya barabara, ofisi za manispaa, kama wangemwelewa mtu mwenye cheti hicho. Waulize na wahitimu wenu pia, kila kundi likimaliza msivunje grupu lao la WhatsApp, humo mtajua nani kapata kazi wapi na kozi gani imemsaidia, na mtaala ukifika zamu ya kupitiwa upya mnakuwa na cha kuwaonyesha TCU.