Namna ya Kuandaa Pendekezo la Sera ya Intaneti kwa Jamii Asilia ya Mbali nchini Kanada

Halmashauri ya jamii asilia inayokusudia kuwasilisha pendekezo kwa CRTC, tume inayosimamia mawasiliano nchini Kanada, ianzie kwenye kigezo ambacho tume yenyewe ilikitangaza. Desemba 2016 tume hiyo iliamua kwamba intaneti ya kasi ni huduma ya msingi, ikaweka lengo la megabiti 50 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia, pamoja na fursa ya mteja kuchagua kifurushi kisicho na kikomo. Ombi la jumla la "huduma bora" ni rahisi kuwekwa kando. Pengo lililopimwa kati ya lengo hilo na hali iliyopo si rahisi kupuuzwa.

Kazi kubwa ni kulipima pengo lenyewe, nyumba kwa nyumba, bila kuitegemea ramani ya serikali. Kwa miaka mingi ramani hiyo iligawanywa katika pembesita za kilomita za mraba 25, na nyumba moja ilipopata huduma, eneo zima lilihesabiwa kuwa limefikiwa. Pimeni asubuhi na tena jioni, wakati mtandao unapoelemewa, kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya ili udhaifu wa Wi-Fi usidhaniwe kuwa wa mtoa huduma. Andikeni kasi ya kupakua, ya kupakia, na muda ambao ishara hutumia kwenda na kurudi. Kipimo hiki cha tatu husahaulika, ilhali ndicho kinachoharibu mazungumzo ya video kati ya mgonjwa na daktari: ishara inayopitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hurudi baada ya takriban nusu sekunde au zaidi, hata kasi iliyoandikwa kwenye mkataba iwe ya kuvutia namna gani.

Gharama ziorodheshwe kwa ufupi, ila za matengenezo zisikosekane, kwa kuwa ruzuku nyingi hujenga mnara na kumwachia mwingine mzigo wa kuutunza.

Kuhusu umiliki, semeni waziwazi nani atamiliki mitambo na nani atatumia masafa ya redio yanayobeba mawasiliano. Kaskazini-magharibi mwa Ontario, baraza la machifu la Keewaytinook Okimakanak limeendesha mtandao wake, K-Net, tangu miaka ya 1990. Nchini Meksiko, jamii za Oaxaca zilipata leseni ya simu ya matumizi ya kijamii ya watu asilia mwaka 2016. Kwa maoni yangu, mifano hii ina uzito kuliko kurasa nyingi za malalamiko. Iambatanisheni na sheria ya Kanada ya mwaka 2021 inayohusu Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu Asilia, ambalo kifungu chake cha 19 kinazitaka serikali kushauriana na jamii ili kupata ridhaa yao kabla ya kupitisha hatua zinazowagusa.

Kabla ya kuwasilisha, ondoeni majina ya wenye nyumba kwenye majedwali ya vipimo, kwa sababu maoni yanayopokelewa na tume huwekwa hadharani.