Namna ya Kusoma Takwimu za Umri wa Kuishi Zinapohusu Wazee

Anayetaka kujua kama wazee wa nchi fulani wanaishi miaka mingi kuliko zamani asianze na wastani wa umri wa kuishi unaotajwa katika taarifa ya habari. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, hivyo vifo vya watoto huushusha sana. Chukua watu kumi: wawili wakifariki wakiwa wachanga, na wanane waliobaki wakafika miaka 75, wastani wao utakuwa takriban miaka 60, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyefariki katika umri huo. Ndiyo maana si haki kumwambia mzee wa miaka 65 kwamba ameshavuka umri wake. Tafuta jedwali la uhai, yaani jedwali linaloonyesha vifo na miaka inayotarajiwa kubaki kwa kila umri, usome mstari wa miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inautumia kumtambua mzee. Hapo utaona aliyefika umri huo anatarajiwa kuishi miaka mingapi zaidi.

Zingatia pia kwamba jedwali hilo kwa kawaida hutumia viwango vya vifo vya mwaka mmoja kana kwamba havitabadilika. Nchini Marekani umri wa kuishi ulishuka kutoka miaka 78.8 mwaka 2019 hadi 76.4 mwaka 2021 kwa sababu ya UVIKO-19 hasa, kisha ukaanza kupanda tena. Kwa hiyo linganisha miaka kadhaa kabla ya kusema hali imeharibika.

Baada ya hapo uliza ni miaka mingapi ambayo watu huishi wakiwa na afya. Japani mwaka 2019, wanawake walitarajiwa kuishi miaka 87.45, lakini miaka isiyo na kizuizi katika shughuli za kila siku ilikuwa 75.38, kwa wanaume ilikuwa 81.41 na 72.68. Wanawake, basi, huishi zaidi na pia hukaa muda mrefu zaidi, takriban miaka 12, wakiwa na kizuizi katika shughuli hizo. Anayepanga huduma za wazee aitazame kwanza tofauti hiyo, kwa maana ndiyo inayoonyesha mzigo unaowaangukia wanafamilia wanaouguza.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi, nalo ni umri wenyewe. Wazee wengi walizaliwa bila cheti, na karani wa sensa huandika anachoambiwa, ndipo watu hurundikana kwenye miaka 60, 70 na 80. Ukikuta wenye miaka 70 wanazidi kwa mbali wenye miaka 69 au 71, usitumie mwaka mmoja mmoja. Tumia mafungu mapana. Viwango vya vifo vya waliozidi miaka 80 vipokee kwa tahadhari, kwani wazee wakiongezewa umri, vifo vya uzeeni huonekana vichache kuliko vilivyo.

Ikiwa wewe ndiye unayekusanya takwimu, usimuulize bibi, "Una miaka mingapi?" ukaishia hapo. Msalimie, ukae, kisha umuulize kama wakati wa Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 alikuwa ameshavunja ungo, ameshaolewa au ameshapata mtoto wa kwanza, na mtoto huyo ana umri gani sasa. Andika jibu lake pamoja na tukio alilolitaja, ili atakayehakiki aone makadirio yametoka wapi.