Kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta kuukuu bila kupoteza picha za nyumbani

Jumamosi iliyopita nilishinda Mamboleo, hapa Kisumu, kwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu, nikimfufulia kompyuta yake. Ni Dell OptiPlex 780, kompyuta ya mitumba kutoka ofisi za ng'ambo, na bado ina nguvu zake. Shida ilikuwa Windows 7 iliyokuwemo. Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome nayo ikaitupa mkono mwanzoni mwa 2023. Mwalimu hakuwa na habari ya hayo. Alichojua ni kwamba kurasa nyingi za intaneti zinakuja nusunusu, na kwamba akiiwasha anaweza kupika chai na kuinywa kabla haijafunguka.

Jirani yake alipita akaona kazi, akasema ana mashine kama hiyo hiyo na angependa nimwandikie namna ya kufanya. Nimeandika.

Kwanza, uweke mfumo gani

Windows 11 isahau. Inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa za juzijuzi ambazo mashine ya umri huu haina. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo vijana mjini watakaokuwekea Windows iliyovunjwa kufuli kwa bei ya sahani ya samaki. Mimi siiwekei mtu ninayemheshimu, kwa sababu hujui aliyeivunja kufuli aliacha nini ndani.

Mimi huweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Mint 22 itahudumiwa hadi 2029 na inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4. Mtu atakwambia Ubuntu ya kawaida, Linux nyingine, ni ile ile. Kwa mashine hizi, hiyo ni kumtwika punda mzigo wa lori.

Hatua ya 1: Toa vitu vyako nje

Hapa ndipo nilipowahi kuumia, kwa hivyo nivumilie.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Nakuru kwa dada yangu. Kompyuta yake ilikuwa imejaa virusi. Nikanunua flashi kando ya barabara, imeandikwa GB 128, bei ya kutupa. Nikanakili folda ya picha, GB 23 hivi. Nikachungulia: majina yote yapo, ukubwa wa folda ni ule ule. Nikafuta diski, nikaweka Mint, nikajipongeza kwa soda. Jioni dada akaomba kuona picha za mazishi ya mama. Za mwanzo zilifunguka. Kufika katikati, picha nusu yake ni kijivu. Baada ya hapo hakuna iliyofunguka.

Flashi ile ilikuwa na chipu ndogo ndani, ila ilikuwa imechezewa iseme uongo kuhusu ukubwa wake. Orodha ya majina huandikwa mwanzoni mwa flashi, mahali ambapo chipu ipo kweli, ndiyo maana majina na ukubwa vilionekana sawa. Faili zenyewe zilipofika mahali pasipo na chipu, zilimwagika, na kompyuta haikulalamika hata mara moja.

Kilichotuokoa ni kwamba diski ya dada ilikuwa ya kuzunguka, si SSD (diski ya chipu tupu), na Mint ilikuwa imekalia sehemu ndogo tu. Ukifikwa na hili, zima mashine papo hapo, usiandike kitu kingine. Iwashe kwa flashi ya Mint bila kusakinisha, weka programu ya testdisk, ndani yake utakuta PhotoRec, inayochimbua picha zilizofutwa. Inachokipata kiandikie diski nyingine, kamwe si ile ile unayochimba. Yangu ilikesha. Ilirudisha picha nyingi, lakini bila majina wala folda, kila moja inaitwa f na tarakimu kibao. Dada alikaa na kazi ya kuzipanga wiki nzima, na mimi nikala ugali wake bila kuongea sana. Ingekuwa SSD, pengine tusingepata hata moja, kwa kuwa SSD husafisha sehemu zilizofutwa yenyewe kimyakimya.

Tangu siku hiyo siamini flashi yoyote niliyonunua kabla ya kuipima. Kwenye Windows natumia H2testw, kwenye Linux natumia f3. Zote huijaza flashi hadi pomoni kisha zinasoma kilichoandikwa. Kwa flashi kubwa ni kazi ya saa kadhaa. Ipime ikiwa tupu, uiache, ukafue nguo.

Ukishanakili, itoe flashi kwa njia ya salama, uichomeke tena, ndipo ukague. Usikague papo hapo, maana kompyuta inaweza kukuonyesha nakala iliyo bado kwenye RAM ukadhani unasoma flashi. Ikiwezekana, kagulia kwenye mashine nyingine kabisa. Usifungue picha za kwanza tu. Fungua za mwisho kunakiliwa, na video icheze ukiirusha hadi mwisho wake. Video ikizidi GB 4 na flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani, itakataa kuingia. Hapo ifomati flashi iwe exFAT, ikiwa bado haina kitu.

Na watu husahau mahali. Hutoa folda ya Documents wakasema wamemaliza, kumbe hesabu za chama ziko kwenye uso wa skrini, kadi za harusi ziko Downloads, na kuna diski D ambayo hawajaifungua tangu mashine inunuliwe. Nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza nazo ziandike pembeni. Ikiwa Windows imekataa kuwaka kabisa, anza na hatua ya 2 na ya 3, kisha nakili kutoka ndani ya Mint inayoendeshwa kwa flashi. Lakini hapo utahitaji flashi mbili, au diski ya nje.

Njia ninayoipenda kuliko zote haina kunakili. Nunua SSD ndogo, chomoa diski ya zamani, chomeka mpya, usakinishe humo. Kwa Mwalimu nilifanya hivyo. Diski yake ya zamani imefungwa kwenye gazeti, iko kabatini, na haijaguswa. SSD pia itakupa kasi ambayo kuongeza RAM hakukupi, kwa hiyo pesa ikiwa ya kitu kimoja, nunua hiyo.

Hatua ya 2: Andaa flashi ya kusakinishia

Tafuta mashine nyingine yenye intaneti nzuri, upakue Mint Xfce kutoka tovuti yao wenyewe. Ni karibu GB 3, kwa hiyo usitumie bando la simu kama kuna wifi ya mtu. Kabla ya kuiandika kwenye flashi, hakikisha faili imefika nzima. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe herufi na tarakimu utakazopata na zile zilizo kwenye tovuti. Faili iliyokatika njiani hukwamisha usakinishaji ukiwa karibu kumaliza, nawe utailaumu mashine bure.

Kuandika, tumia programu ya Rufus. Kwa mashine hii, acha mpangilio uwe MBR. Ukiweka GPT, BIOS hii ya zamani, yaani programu inayoiamsha mashine, haitaiona flashi. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutika, kwa hiyo usitumie ile yenye nakala za hatua ya 1. Najua inaonekana wazi. Nimeona ikifanyika.

Hatua ya 3: Iwashe kwa flashi

Kitufe cha kufungua orodha ya kuchagua flashi kwenye Dell ni F12, ukibonyeza mfululizo tangu nembo itokee. HP nyingi ni F9, au Esc kwanza. Chomeka flashi nyuma ya mashine, si mbele, kwani matundu ya mbele kwenye mitumba hii mara nyingi yamelegea.

Ikiwa Dell inasimama kila asubuhi na kusema saa haijawekwa, ikikudai ubonyeze F1, betri ya ubao mkuu imekufa. Ni ile ya duara, CR2032, na maduka mengi ya saa wanayo. Chomoa waya wa stima, sukuma kishikio, badilisha, halafu ingia BIOS kwa F2 urekebishe tarehe. Usipoibadilisha, Mint itajisahihisha saa ikipata intaneti, lakini BIOS itaendelea kusahau kila stima ikipotea, na kabla saa haijajisahihisha brauza itakwambia kurasa si salama kwa sababu inadhani tuko mwaka mwingine.

Hatua ya 4: Sakinisha

Bofya alama ya kusakinisha, jibu maswali, saa za eneo weka Nairobi. Ikiwa una diski moja na umeshakagua nakala zako, chagua "Erase disk". Ikiwa diski ziko mbili ndani, simama usome ukubwa wa kila moja kabla ya kukubali.

Ifanye asubuhi. Kisumu mvua na radi hupenda kuja alasiri, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS haivumilii stima kupotea diski inapogawanywa. Kwa Mwalimu nilianza saa tatu, saa nne kasoro ilikuwa imeisha.

Hatua ya 5: Baada ya hapo

Endesha masasisho yote kabla ya kumkabidhi mwenyewe. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, ila zenye makro, yaani amri za kujiendesha ndani ya faili, zinasumbua. Mtu anayezitegemea kwa kazi ajaribu kwanza akiwa bado kwenye flashi, kabla ya kufuta chochote. Printa ichomeke ukiwa bado upo, usimwachie.

Mwalimu alikaa, akafungua Firefox, akasoma habari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanigeukia: "Sasa kijana wangu, karata zangu umezipeleka wapi?" Alikuwa anacheza Solitaire kila jioni baada ya taarifa ya habari. Fungua dirisha la amri, uandike sudo apt install aisleriot, ndiyo Solitaire ya Linux.