Mafua ya mzio: jinsi ya kuchagua dawa kulingana na kemikali zinazoyaleta

Mvua zinapokaribia kwisha na nyasi ndefu za kandokando ya Lubumbashi zinapochanua, watu wengi hupata chafya za mfululizo, macho ya kuwasha na makamasi mepesi kama maji, wakaenda farmasia kununua antibiotiki ambazo haziwezi kuwasaidia, kwa sababu mafua ya mzio hayaletwi na kijidudu chochote. Ukitaka kuyatuliza, elewa kwanza kinachotendeka ndani ya pua.

Mwili wa mwenye mzio umekwisha kutengeneza kingamwili iitwayo immunoglobulini E, ambayo hukaa juu ya seli za kinga ziitwazo seli za masti katika utando wa pua na wa macho. Chavua, yaani unga wa maua ya nyasi, inapotua hapo, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini katika muda wa dakika chache. Histamini huchokoza neva, ndipo muwasho na chafya vinapoanza, kisha hutanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe majimaji. Seli hizohizo hutengeneza pia lukotrini na prostaglandini, ambazo huvimbisha utando. Saa kadhaa baadaye chembe nyeupe za damu, hasa eosinofili, hufika na kumwaga kemikali zao wenyewe, na pua huziba upya usiku ingawa mgonjwa yuko kitandani, mbali na nyasi. Wengi hudhani wamepigwa na baridi.

Kwa hiyo chagua dawa kwa kuangalia dalili inayokusumbua zaidi. Kwa chafya na muwasho, dawa ya kuzuia histamini kama vile setirizini au loratadini hufaa, na kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Ni afadhali kuimeza kabla ya kwenda shambani, kwa kuwa dawa hiyo huziba milango ambayo histamini huipitia na haiondoi histamini iliyokwisha kufanya kazi yake. Klorofeniramini ni ya bei nafuu, lakini huleta usingizi, na dereva wa pikipiki hapaswi kuitumia akiwa kazini.

Kwa pua iliyoziba, vidonge hivyo husaidia kidogo tu. Hapo inahitajika dawa ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani, inayopunguza kemikali za mawimbi yote mawili, lile la dakika za kwanza na lile la saa kadhaa baadaye, lakini sharti itumiwe kila siku, kwani nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa. Tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ukielekeza ncha upande wa sikio na siyo kwenye ukuta wa katikati, ambao huvuja damu upesi. Vuta pumzi polepole. Ukivuta kwa nguvu dawa itaishia kooni. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi. Nawaomba sana msimeze deksamethazoni, ambayo ni steroidi ya kumeza, kwa ajili ya mafua, maana madhara yake kwa mwili mzima ni makubwa mno kuliko ugonjwa wenyewe.

Ukirudi nyumbani, oga, badili nguo, na safisha pua kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa na kutiwa chumvi kidogo. Maua ya jakaranda hayana hatia kubwa, kwa kuwa chavua yake hubebwa na nyuki kuliko upepo.

Kifua kikianza kubana au kupiga filimbi, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani hiyo inaweza kuwa pumu.